Motoka ya zamani ilipita mikononi mwa nani? Mwongozo kamili wa kufuatilia wamiliki, kutoka Lubumbashi

Hapa Lubumbashi kila Mercedes nyeusi ya zamani ilikuwa ya mkubwa. Uliza Kampemba, utaambiwa ni ya Mobutu. Vuka uende Katuba, itakuwa ya Tshombe, aliyeongoza Katanga ilipojitenga. Muuzaji mwenye haya kidogo atakwambia: "Hii ilikuwaka ya mukubwa moya wa Gécamines, papa," yaani kampuni ya madini ya serikali, kisha atapandisha bei.

Hadithi hizo hazimsaidii mnunuzi. Anayenunua motoka ya kifahari ya zamani, awe Johannesburg, Brussels au mtaa wa Golf hapa hapa mjini, anataka mnyororo: nani aliinunua ikiwa mpya, ikaenda kwa nani, kwa karatasi gani, mpaka ikafika kwa anayeiuza leo. Na wewe unayenunua hapa unauhitaji mnyororo huo kuliko mzungu wa Brussels. Siku mtoto wa marehemu atakapotokea na hukumu mkononi, mlango atakaogonga ni wako.

Nitatumia zaidi mfano wa Mercedes-Benz za miaka ya 1950 hadi 1970, kwa sababu ndizo zinazopatikana bado nyuma ya nyumba za watu na katika magaraji. Kwa Jaguar au Rolls-Royce kazi ni ile ile, inabadilika tu anwani ya kuandikia.

1. Anza na chuma

Usimuulize mtu lolote kabla hujafungua kapo (boneti). Ukisikia hadithi kwanza, macho yatatafuta cha kuithibitisha.

Chukua tochi, kitambaa, mafuta ya taa, brashi laini, karatasi nyembamba na penseli. Tafuta kibao cha chuma chini ya kapo, halafu namba iliyogongwa kwenye bodi yenyewe, halafu namba ya injini kwenye bloku. Lainisha uchafu kwa mafuta ya taa, ngoja, futa polepole. Vumbi letu jekundu likichanganyika na oili linakuwa gumu, na fundi atakushauri apitishe diski ya kusagia. Kataa. Diski ikipita mara moja inalamba kina cha namba, na mtaalamu atakayeitazama baadaye atadhani ilifutwa makusudi. Namba ikishaonekana, weka karatasi juu yake na usugue kwa ubavu wa penseli mpaka tarakimu zitokee. Nakala hiyo ina nguvu kuliko picha ya simu, kwa sababu inaonyesha umbo la kila tarakimu na nafasi kati yao.

Angalia na kibao kilivyofungwa. Ribiti zinalingana? Rangi iliyozunguka namba ni ya umri mmoja na rangi ya pembeni? Kuna mshono wa kulehemu karibu? Kipande cha bodi chenye namba kikikatwa na kubandikwa kwenye motoka nyingine, fundi hodari anaweza kuuficha mshono upande wa juu. Upande wa chini wengi hawajisumbui.

Sasa soma namba. Tangu 1981 namba ya shasi ina alama 17, na herufi I, O na Q hazitumiki. Kabla ya hapo kila kiwanda kilikuwa na utaratibu wake. Mercedes ya miaka ya 1960 ina tarakimu 14. Sita za kwanza zinataja aina: 108.012 ni 250 S, 108.016 ni 280 S, 108.018 ni 280 SE. Tarakimu ya saba inataja upande wa volani (usukani), 1 ikiwa kushoto na 2 ikiwa kulia. Ya nane inataja gia, 0 kwa gia za mkono na 2 kwa otomatiki. Sita za mwisho ni namba ya mfululizo.

Kwa mji wetu tarakimu ya saba ina maana kubwa. Congo tunapita kulia, Zambia na nchi za kusini yake wanapita kushoto. Ukikuta 2, motoka hiyo haikuagizwa kwa ajili ya Congo Belge. Ilipanda kutoka kusini, pengine kupitia mpaka wa Kasumbalesa, na Mercedes zilianza kuunganishwa East London, Afrika Kusini, tangu 1958. Ukikuta 2 na volani iko kushoto, ilihamishwa: tafuta matundu yaliyozibwa kwenye ukuta kati ya injini na miguu ya dereva. Dashibodi inayohesabu maili nayo inaonyesha njia hiyo hiyo ya kusini.

Injini inasema yake. 280 S ilitoka kiwandani na injini inayoanza na 130.920, yenye kabureta. 280 SE ilikuwa na 130.980, yenye pampu ya sindano (injection). Nimewahi kuonyeshwa 280 S "ambayo haijaguswa tangu mzungu wa kwanza": kibao 108.016, bloku 130.980, juu yake kabureta mbili zilizofungwa kwa kiraka cha bati. Si dhambi. Magari mawili yalikufa ili moja litembee, na mjini kwetu ni jambo la kawaida. Ila neno "haijaguswa" lilifia pale pale.

Mwisho wa ukaguzi ni rangi. Tafuta kodi yake (code, namba ya rangi) kwenye kibao: 040 ni nyeusi, 050 nyeupe, 904 buluu nzito. Kisha inua mpira wa mlango, kunja zulia, chungulia ndani ya buti nyuma ya kiti. Rangi ya mwanzo hujificha huko. Nyingi kati ya hizo nyeusi "za wakubwa" zilizaliwa nyeupe, rangi ya watu wanaoishi na jua.

2. Andikia waliotunza daftari

Idara ya Mercedes-Benz Classic kule Stuttgart inatunza kumbukumbu za magari ya zamani, ikiwemo kadi ya data ya kila motoka: namba ya oda, namba ya shasi na ya injini, rangi, ngozi au kitambaa cha viti, vifaa vya ziada, na mara nyingi nchi ilikopelekwa. Kwa Jaguar na Daimler, cheti hutolewa na Jaguar Daimler Heritage Trust ya Uingereza, kikitaja siku gari lilipotengenezwa, siku lilipotumwa na muuzaji wa kwanza. Kumbukumbu nyingi za Rolls-Royce na Bentley ziko kwa klabu ya wapenzi wa Rolls-Royce huko Paulerspury, Uingereza, na kadi za zile za zamani mara nyingine zinataja mteja kwa jina pamoja na ukarabati uliofanyika kiwandani.

Tuma barua fupi: namba ya shasi, picha ya kibao, ile nakala ya penseli, na karatasi inayoonyesha motoka ni yako au mwenyewe amekuruhusu. Usianze kuwaeleza habari za Mobutu. Wanapokea barua za namna hiyo kutoka Afrika nzima.

Usitarajie kupita kiasi. Kiwanda kinajua motoka ilivyozaliwa. Yaliyotokea baada ya kushuka melini hakiyajui, hayo utayakuta huku.

3. Karatasi za huku, na namna ya kuzisoma

Omba zote, hata zile mwenyewe anazoona ni takataka. Carte rose (kadi ya usajili wa motoka) ndiyo inayotajwa kwanza, lakini inakuonyesha jina la mwisho tu. Mnyororo unapatikana kwenye vile vikaratasi vilivyosahaulika ndani ya kisanduku cha dashibodi: cheti cha bima cha SONAS cha mwaka fulani, vinyeti (stika za kodi ya barabara), risiti ya forodha, hati ya mauzo iliyopigwa muhuri kwa noteri, karatasi ya kampuni inayouza motoka zake zilizochakaa kwa wafanyakazi. SONAS ilianzishwa 1966 na kwa miaka mingi ilikuwa peke yake katika biashara ya bima nchini, kwa hiyo cheti chake cha kila mwaka ni shahidi mzuri: kinataja jina, plake (namba ya usajili) na tarehe pamoja. Vyeti vitano vya miaka inayofuatana vinaweza kukufaa kuliko hati moja ya mauzo yenye mihuri minne.

Ukiambiwa "makaratasi yalipotea" na ukapewa hati ya polisi ya upotevu peke yake, simama hapo. Hati hiyo inathibitisha tu kwamba mtu alikwenda polisi kusema amepoteza. Nenda kwa noteri aliyepitisha mauzo, maana nakala inatakiwa kubaki ofisini kwake na namba yake ya mfululizo.

Sasa sehemu ninayoipenda. Nchi yetu imebadilisha majina mara nyingi hivi kwamba karatasi ya uongo inajisema yenyewe. Shika hati na uangalie:

Jina la mji. Élisabethville iligeuka Lubumbashi mwaka 1966. Jadotville ikawa Likasi, Stanleyville ikawa Kisangani.

Jina la nchi na la jimbo. Zaïre ni kuanzia Oktoba 1971 hadi Mei 1997. Shaba ni kuanzia miaka ya mwanzo ya 1970 hadi 1997, kabla na baada yake ni Katanga. Muhuri wa "Province du Haut-Katanga" kwenye hati ya 2009 ni wa kuchongwa juzi, maana jimbo hilo katika mpangilio wa sasa lilianza 2015.

Pesa. Faranga hadi Juni 1967, kisha zaïre, kisha zaïre mpya kuanzia Oktoba 1993, kisha faranga ya Congo ya sasa kuanzia Juni 1998. Hati ya 1978 yenye bei kwa faranga za Congo iliandikwa na kijana ambaye hakuwa amezaliwa.

Ofisi. Forodha iliitwa OFIDA kabla ya kuwa DGDA mwaka 2009. Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, ilitaifishwa Januari 1967, ikapita kwenye jina la Gécomin kabla ya kuitwa Gécamines. Barua ya "Gécamines" ya 1964 haiwezekani.

Jina la mtu ndilo linalowapotosha wengi. Mwaka 1972 majina ya ubatizo yalipigwa marufuku kwenye hati, kila mtu akachukua jina la asili. Tuseme mwaka 1969 motoka ni ya Albert Kalenga, mwaka 1975 ni ya citoyen Kalenga wa Kalenga, na mwaka 1993, mambo yalipolegea, ni ya Kalenga Albert. Mgeni atahesabu wamiliki watatu. Ni papa mmoja, na huenda hakuwahi hata kuhamisha geti. Linganisha sahihi, anwani na plake kabla ya kuongeza jina kwenye orodha.

4. Miaka yenye matundu

Usishangae mnyororo ukikatika. Shangaa ukikatika mahali pasipo na sababu.

Julai 1960: baada ya uhuru na uasi wa jeshi, wazungu wengi wa Élisabethville waliondoka kwa msururu wa magari kuelekea Rhodesia ya Kaskazini. Wengine walirudi, wengine waliuza magari huko huko. Katanga ilijitangazia kujitenga tarehe 11 mwezi huo na hali hiyo ikadumu hadi Januari 1963, pamoja na vita vya majeshi ya Umoja wa Mataifa mjini. Motoka iliyoonekana hapa 1959, ikapotea, ikarudi 1964 ikiwa na mmiliki mwingine, ina maelezo yanayoeleweka hata karatasi isipopatikana.

Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza zaïrianisation. Maduka, mashamba na biashara za wageni zilitolewa kwa raia walioitwa acquéreurs. Hapa palikuwa na Wagiriki, Waitaliano, Wareno, na Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rhodes, watu wa maduka na magaraji, na baadhi yao ndio walionunua Mercedes na Jaguar zikiwa mpya. Biashara ilipokwenda, motoka iliyoandikwa kwa jina la biashara ilikwenda nayo. Hakuna hati ya mauzo kwa sababu hapakuwa na mauzo. Baadaye, kuanzia 1975, serikali ilianza kurudisha sehemu ya mali, lakini wengi walikuwa wameshaondoka, na motoka nyingi zilikuwa zimeshapita mikono miwili au mitatu.

Ukikuta mkato wa 1973 hadi 1976, tafuta barua ya ugawaji iliyomtaja acquéreur. Familia nyingi bado wanazo, zimekunjwa pamoja na karatasi za nyumba. Usipoipata, andika wazi: "ilikuwa ya biashara ya mgeni, ikachukuliwa na zaïrianisation, hati haijapatikana." Mnunuzi makini anaijua historia hiyo. Ukimletea hati nzuri ya mauzo ya Desemba 1973, sahihi ya Mgiriki chini yake na bei ya haki, hapo ndipo ataanza kukushuku.

Uporaji wa 1991 ni mkato mwingine: karatasi zilichomwa pamoja na ofisi. Kisha 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasaï walipofukuzwa Katanga, wakajazana vituo vya treni vya Likasi na Kolwezi, mali zao ziliuzwa kwa bei ya kutupa au ziliachwa. Mauzo ya miaka hiyo yaangalie kwa jicho la pili, hata yakiwa na sahihi. Aliyeuza kwa bei ya gunia la unga ili apate nauli ya treni ana watoto, na watoto hao wanakumbuka plake. Mimi motoka ya namna hiyo siinunui kabla sijazungumza na jamaa waliofika Mbujimayi au Kananga. Kwa simu na WhatsApp inawezekana siku hizi, na mara nyingi wanachotaka ni kuulizwa kwa heshima tu.

5. Wazee, hasa madereva

Mwenye motoka anakumbuka bei aliyolipa. Dereva anakumbuka motoka. Shofa mstaafu wa kampuni, aliyeiosha kila asubuhi, atakwambia kovu la bampa la nyuma lilitoka wapi, nani alikuwa anakaa upande gani, na tairi zilikuwa zinaagizwa kutoka Ndola au kwingine.

Nenda asubuhi, kabla jua halijakaza. Salimia, kaa, uliza habari za watoto na za afya. Ukifika na kuanza na motoka, mzee atadhani wewe ni komisionere (dalali) na atakupa ile hadithi ya mkubwa. Toa picha, mpe aishike mwenyewe, nyamaza. Maswali yawe ya vitu vidogo:

"Papa, hii ilikuwa inalala wapi?"

"Aa, kwa ndani ya parseli, chini ya mwembe. Lakini yetu ilikuwaka na redio ya Becker, hii hawana."

Hapo umepata kitu cha kukagua: tundu la redio, waya zilizokatwa, kodi ya redio kwenye kadi ya data. Ukiuliza "Ilikuwa ya Mobutu?" utapata ndiyo ya adabu.

Mwaka mzee hatataja kwa tarakimu. Msaidie kwa matukio: kabla ya zaïre mpya au baada? Mtoto gani alikuwa amezaliwa? Kabila alikuwa ameshaingia mjini? (Waasi wa AFDL waliingia Lubumbashi Aprili 1997.) Ongea na watu watatu, kila mmoja peke yake. Wakilingana kwenye jambo dogo lisilo na faida kwa mtu yeyote, liamini. Wakilingana neno kwa neno kwenye jambo kubwa, walikaa pamoja jana.

6. Marehemu na jamaa zake

Motoka nyingi za zamani zinauzwa baada ya mazishi, na anayeziuza mara nyingi ni ndugu wa marehemu. Kwa Sheria ya Familia ya 1987, watoto wa marehemu ndio warithi wa daraja la kwanza. Baba mdogo hauzi peke yake, hata kama ndiye mwenye funguo. Omba muhtasari wa kikao cha jamaa wenye sahihi, jina la liquidateur (msimamizi wa mirathi), na karatasi ya Tripaix (mahakama ya amani) inayomtambua. Kisha ombi la mwisho, ambalo wanunuzi wengi wanaliona aibu: kuonana na mjane na mtoto mkubwa. Wakisita kukukutanisha nao, kunywa soda yako, shukuru, ondoka.

7. Injini imebadilishwa, milango si yake: je, ni motoka ile ile?

Swali hili lilifika Mahakama Kuu ya London mwaka 1990. Bentley iliyoitwa Old Number One, mshindi wa Le Mans 1929 na 1930, ilikuwa imekubaliwa kuuzwa kwa pauni milioni 10. Mnunuzi akarudi nyuma akidai si ile tena, kwa kuwa sehemu nyingi zilikuwa zimebadilishwa kwa miaka. Jaji Otton aliamua kwamba ni ile ile, kwa sababu historia yake haikukatika: haikuwahi kufa wala kuzaliwa upya mahali pengine, ilibadilishwa kipande baada ya kipande ikiwa chini ya jina na maisha yale yale.

Kwa motoka zetu zilizopona kwa vipuri vya kuokota, hukumu hiyo ni habari njema, lakini ina sharti: lazima uonyeshe kila badiliko lilifanyika lini, na kwa nani ilipokuwa. Risiti ya garaji ya 1986 yenye namba ya injini mpya inaweza kuokoa thamani ya motoka nzima.

8. Panga faili

Karatasi moja ya juu: mwaka, mmiliki, ushahidi, na alama yako ya uhakika. Mimi naandika A kwa hati halisi inayolingana na chuma, B kwa mashahidi wawili au zaidi wasiofahamiana, C kwa hadithi. Mobutu anabaki C mpaka picha yenye plake ipatikane. Mikato iandikwe kwenye orodha kama wamiliki wanavyoandikwa, pamoja na sababu unayodhani. Kwa magari ya Union Minière, kumbuka kumbukumbu za kampuni hiyo zimewekwa kwenye Hifadhi za Taifa za Ubelgiji, Brussels. Mtu mwenye ndugu huko anaweza kumtuma akaangalie.

Hati halisi ziweke ndani ya bati lenye kifuniko, juu ya kabati, mbali na mchwa na mvua ya Januari. Usizifanyie laminasheni: plastiki inaua muhuri na noteri hataikubali. Piga picha za pande zote mbili, zitume kwa ndugu aliye nje ya mji.

Siku ya kuuza, mnunuzi apewe nakala kwanza na muda wa kuzisoma. Hati halisi zitoke baada ya pesa kuingia na hati ya mauzo kupita kwa noteri, ikitaja namba ya shasi yote, namba ya injini iliyomo siku hiyo hata kama si ya kuzaliwa nayo, kilomita zilizo kwenye dashibodi, na idadi ya funguo. Nakala moja ya hati hiyo ubaki nayo wewe.